Ubora wa Programu Huanzia kwenye Mahitaji

Kibali cha biashara, bima ya afya, cheti cha kuzaliwa: huduma nyingi tunazozitafuta hapa Machakos siku hizi hupitia kwenye kompyuta au simu. Mfumo ukigoma, mwandishi wa programu ndiye hulaumiwa. Mara nyingi huonewa, kwa sababu kosa liliingia miezi mingi kabla, pale ilipoamuliwa mfumo ufanye nini, umfanyie nani na katika mazingira gani. Kazi ya kuuliza maswali hayo, kuyaandika majibu na kuyahakiki huitwa uhandisi wa mahitaji.

Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa Machi 4, 2013 unatuonyesha makosa ya aina mbili. Katika ukumbi wa Bomas, matokeo yalikojumlishwa, idadi ya kura zilizokataliwa iliyoonyeshwa kwenye skrini ilivuka 300,000. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha kura hizo kwa nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Hilo ni kosa la msimbo. Amri iliandikwa vibaya, na ikishajulikana ilipo hurekebishwa.

Kosa la pili lina mizizi mirefu zaidi. Katika vituo vingi, vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole vilizimika betri zilipoisha, na baadhi ya madarasa yaliyogeuzwa vituo hayakuwa na umeme. Makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Msimbo wa vifaa hivyo ungekuwa safi kabisa, na bado vingezimika. Mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, iwe Yatta, Masinga au kwingineko nchini, angewaeleza wahusika mapema hali ya umeme darasani mwake, mradi aulizwe.

Mwaka 2017, siku chache kabla ya kura ya Agosti 8, IEBC ilitangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G wa kupeperusha picha za fomu za matokeo. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo ya urais, na dosari za upeperushaji zilikuwa miongoni mwa sababu zake. Kufika kwa mtandao ni hitaji la kupimwa kituo kwa kituo kabla hata ya kuagiza vifaa.

Tunao pia mfano mwema. Majaribio ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, yalianza Oktoba 2005, Nairobi na katika mji jirani wa Thika, yakiwalenga wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Waliokuwa wakiyasimamia wakaona wateja wanatumiana pesa wao kwa wao, na kwamba upande wa mikopo ulikuwa na ugumu wake. Wakaliweka kando lile wazo la awali, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ahadi moja nyepesi: tuma pesa nyumbani. Walimtazama mtumiaji akitumia, kisha wakabadilisha mahitaji.

Kuuliza vizuri hakutoshi iwapo majibu yataandikwa kwa ulegevu. Tuchukue mfumo wa kutoza ushuru sokoni. Mkataba ukisema tu, “Mfumo uwe wa haraka na rahisi kutumia,” kila upande utaelewa lake. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa kampuni ya Rolls-Royce walichapisha mbinu iitwayo EARS, inayodai hitaji litaje tendo la mfumo na, pale inapokuwapo, hali inayolizusha. Kwa mbinu hiyo tungeandika: “Mtandao ukikatika kabla ya malipo kuthibitishwa, mfumo utayahifadhi kwenye simu ya karani, utatoa stakabadhi ya muda, na utayatuma mtandao ukirudi bila kumtoza mfanyabiashara mara mbili.” Sentensi hii inapimika. Zima data, lipa, washa data, kisha hesabu stakabadhi.

Watafiti wa uhandisi wa mahitaji hukutana kila mwaka, kwa mfano katika mkutano wa REFSQ ulioanza Ulaya mwaka 1994. Utafiti wa NaPiRE, uliowahoji wataalamu wa nchi nyingi, umekuta kwamba miongoni mwa matatizo makubwa ni mahitaji yaliyokosekana au kufichika, na mawasiliano mabovu kati ya watengenezaji na wateja. Siku hizi wengi wanachunguza jinsi akili unde inavyoweza kusoma waraka wa mahitaji na kuonyesha sentensi zenye utata au zinazopingana. Msaada huo ni wa kweli, lakini mashine huchambua kilichoandikwa. Hitaji la muuza mboga ambaye hakuna aliyemuuliza halimo katika waraka wowote.

Faragha nayo ni hitaji, wala haifai kubandikwa mwishoni kama pambo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, mpango wa serikali wa utambulisho, ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa kwanza.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Katika vikao vya ushirikishwaji huo tumezoea kuuliza juu ya barabara, zahanati na visima. Ndugu msomaji, kaunti yako ikipanga kununua mfumo mpya, hudhuria na uombe kuonyeshwa orodha ya mahitaji. Uliza ni akina nani waliohojiwa, umeme na mtandao vikipotea itakuwaje, na kila hitaji litapimwa vipi kabla ya malipo. Swali linaloulizwa kabla ya mkataba kutiwa saini ni rahisi kulijibu. Likisubiri hadi mfumo ugome, gharama yake italipwa kwa kodi zetu.