Kisiwa cha Mafia na Manowari ya Bomba Tatu

Mtoto akaaye Tabata huziona ndege zikishuka kwenda kutua katika kiwanja cha Dar es Salaam, wala hashangai. Lakini mwaka 1914 watu wengi wa pwani yetu walikuwa hawajapata kuona ndege. Basi someni jinsi kisiwa cha Mafia kilivyopata kuwa kituo cha ndege za vita, na kwa sababu gani.

Zamani hizo nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani. Mwezi wa Juni 1914 manowari yao, jina lake Königsberg, ilifika Dar es Salaam. Wenyeji waliiita Manowari ya Bomba Tatu, kwa kuwa ilikuwa na mabomba matatu ya kutolea moshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari hiyo ilikwenda Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikaipiga manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus hata ikazama. Kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji.

Delta ni mahali ambapo mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Mikono ya Rufiji imezungukwa na misitu ya mikoko, na maji yake yana kina kidogo. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia humo, wala mabaharia wake hawakuweza kuona vema ng'ambo ya mikoko. Walikuwa na mizinga mikubwa, lakini hawakuwa na macho.

Ndipo walipotaka ndege. Mwezi wa Novemba 1914 ndege moja ya kutua majini iliruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, na rubani akaiona manowari mafichoni. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Ndege za siku zile hazikuweza kwenda mbali, na Mafia inaitazama delta yenyewe. Tena bahari iliwazuia askari wa Kijerumani wasikifikie kituo kwa urahisi, na merikebu zilipata mahali pa kutia nanga.

Hata hivyo kazi haikuwa nyepesi. Hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, nayo huibeba ndege kwa shida. Ndege za kwanza zilishindwa kupaa vema, na gundi iliyoshika mbao zake ikaachia kwa joto. Zikaletwa nyingine, na kiwanja kikasafishwa huko Mafia kwa ndege zenye magurudumu.

Mwezi wa Juni 1915 zilifika Mafia merikebu mbili za vita, Severn na Mersey, ambazo ziliweza kupita katika maji haba. Tarehe 6 Julai ziliingia mtoni zikapiga mizinga, lakini hazikufaulu. Zikarudi tarehe 11 Julai. Juu angani walikuwamo Cull, aliyeiongoza ndege, na Arnold, aliyetazama mahali kila kombora lilipoanguka. Arnold alituma habari kwa simu ya upepo: ongezeni, punguzeni, pigeni kushoto. Ndege yao ikapigwa, ikaanza kushuka; naye aliendelea kutuma habari mpaka walipoanguka mtoni. Wote wawili waliokolewa. Siku ile manowari iliharibika kabisa, na nahodha wake akaamuru izamishwe.

Lakini vita haikuisha. Wajerumani waliiopoa mizinga ya manowari, ikakokotwa na watu nchi kavu, na wapagazi wengi wa Kiafrika walikufa kabla ya vita kukoma mwaka 1918. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Basi nguvu ya Mafia haikuwa ukubwa wake, bali mahali ilipo. Mizinga bila macho ilipiga bure, na ndege peke yake isingeweza kuizamisha manowari. Kidole kimoja hakivunji chawa.