Mirija Miwili, Kwale Mmoja

Kwale wa msitu wa Cyamudongo hana subira. Alfajiri hujitokeza kando ya njia, mwili rangi ya kutu, mdomo na miguu myekundu, hupekua majani mara mbili tatu, kisha huzama kichakani. Kwingineko anayemtaka kwale hutafuta bunduki ya mitutu miwili. Hapa Rusizi, Rwanda, msitu huu mdogo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, na kuwinda ndani yake ni marufuku. Silaha yetu ni darubini ya macho mawili, mara nyingi ya mtumba, maana mpya iliyo nzuri ni ghali.

Anza na namba zilizoandikwa kwenye darubini. 8x42 maana yake inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Ile ya mfukoni, 10x25, hutoa 2.5 tu. Mchana ziwani Kivu inatosha. Alfajiri chini ya miti, kwale atabaki kivuli.

Pili, kuvu. Mulika tochi ya simu kwenye lenzi ya mbele, kisha chungulia ndani. Vumbi kidogo linavumilika. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe.

Kipimo cha tatu ndicho wengi hukiruka. Darubini ikianguka, prizimu za ndani zinaweza kuhama bila kuacha alama nje. Simama Kamembe panapoonekana mapaa ya Bukavu ng'ambo. Egemeza darubini ukutani, lenga ukingo wa paa, kisha isogeze taratibu mbali na macho, sentimita chache. Utaona duara mbili. Ukingo uwe kimo kimoja katika zote. Ukipanda upande mmoja, mirija miwili ya darubini haitazami mahali pamoja. Dukani hutahisi kitu, kwa sababu macho hujikaza hadi picha zikutane. Nusu saa msituni, kichwa kitagonga.

Hata mwenye bunduki ya mitutu miwili huuliza hilohilo: je, yote inapiga mahali pamoja? Raba ya darubini iliyochanika ni sababu ya kuomba punguzo. Mirija iliyopishana ni sababu ya kumuaga muuzaji.