Breki inapolia, usikimbilie kuitia mafuta

KWA siku tatu wanafunzi wangu hawakuhitaji kengele kujua kwamba mwalimu amefika. Walinisikia nikiwa bado mteremkoni, mbali na lango la shule. Kila nilipofunga breki ya nyuma, baiskeli yangu ilipiga yowe kali kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwani nyuma yangu, juu ya keria, alikuwa ameketi binti yangu wa miaka tisa, na kila siku breki ile ilishika kidogo kuliko jana yake.

Naishi kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Rumonge, kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyumba iko juu, shule iko chini. Mwaka 2024, petroli ilipokuwa ya kutafutwa kwa tochi, nilinunua baiskeli ya mtumba, zile za mlimani zenye matairi mapana na breki za diski. Kwa msomaji asiyezijua, breki hizo hazibani rimu kwa raba. Katikati ya gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Ukivuta mkono wa breki, pedi mbili ndogo huibana sahani hiyo kutoka pande zote mbili.

Si kwamba mimi ni mgeni wa baiskeli. Nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia baada ya mauaji ya mwaka 1972. Huko nilisoma, na huko nilijifunza kuendesha Phoenix ya baba yenye breki za fito. Kwa baba, dawa ya kila mlio ilikuwa moja, kichupa cha oili. Mnyororo ukilia, tone. Kanyagio likilia, tone. Viungo vya fito vikilia, tone. Elimu hiyo nilirudi nayo nyumbani mwaka 2009 pamoja na vyeti vyangu.

Basi jioni ya siku ya tatu nikachukua kichupa. Mzee jirani yangu akanihimiza: "Tia kidogo tu, mwalimu, itanyamaza." Nilikuwa nimeshainama, lakini giza lilikuwa limeingia na sikuona vizuri pa kulenga. Nikaahirisha. Huenda giza hilo lilituokoa.

Kesho yake nikaikokota hadi kwa fundi mmoja sokoni, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Nilitarajia ashike spana. Badala yake alianza kuniuliza maswali, kama daktari.

"Mwalimu, inalia ukifunga breki tu, au hata ukiwa umeiachia?"

"Nikifunga tu."

"Inalia mfululizo, au kwa kukatikakatika, mara moja kila gurudumu likizunguka?"

"Mfululizo."

"Ni yowe jembamba, au mkwaruzo wa chuma kwa chuma?"

"Yowe."

"Asubuhi penye umande tu, au hata jua likiwaka?"

"Wakati wote."

"Na inashika?"

Hapo nikasita. "Inashika, lakini si kama zamani."

Ndipo akanieleza kwamba kila jibu lilikuwa limefunga mlango mmoja. Kama baiskeli ingelia kwa kukatikakatika hata breki ikiwa imeachiwa, angeshuku diski iliyopinda. Kama ingesugua muda wote, angetazama kalipa, kile kidude kinachobeba pedi, kwani huenda kimekaa upande. Hicho husahihishwa kwa kulegeza bolti zake mbili, kukiweka sawa diski ikae katikati ya pedi, kisha kuzikaza tena.

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni habari nyingine. Maana yake ni kwamba pedi zimekwisha na kibao cha chuma kilicho nyuma yake kinaila diski. Hapo mtu ashuke, asiendelee hata hatua moja ya mteremko. Baiskeli inayolia asubuhi ya mvua na kunyamaza baada ya kufunga breki mara chache, hiyo ni maji tu, haina ugonjwa. Ikinguruma na kutetemeka, kagua bolti zinazoshikilia diski, spoku, na beringi za gurudumu.

"Lakini yowe la mfululizo pamoja na breki dhaifu," akasema, "mara nyingi ni mafuta. Umeitia mafuta, mwalimu?"

"Hapana," nilijibu kwa fahari isiyonistahili.

Akapangusa diski kwa karatasi nyeupe. Ikatoka na doa la rangi ya machungwa. Akainusa, akanipa. Hakuna mtu wa Rumonge asiyeijua harufu ile. Mawese!

Ndipo nikakumbuka. Jumamosi nilikuwa nimembebea shemeji yangu dumu la mawese kutoka kwenye kinu cha kukamulia. Nililifunga ubavuni mwa keria, upande wa kushoto, juu kabisa ya diski, na mfuniko haukukaza. Yowe lilianza Jumatatu. Na mimi nilitaka kuongeza mafuta juu ya mafuta. Mlio ungekoma, na breki ingekoma pamoja nao.

Fundi alifungua gurudumu, akaosha diski kwa maji ya moto na sabuni, akaisuuza na kuipangusa kwa spiriti na kitambaa safi. Alikataa petroli na mafuta ya taa, akisema huacha utando. Pedi akazisugua kwa msasa, lakini hakunidanganya: mafuta yalikuwa yamezama ndani, zilihitaji kubadilishwa. Za umbo lile hazikupatikana sokoni, ilibidi ziagizwe Bujumbura.

"Si naweza kutumia hizi kwa sasa?" nikauliza.

Akatazama keria, si mimi. "Na mtoto, mwalimu?"

Kwa siku tano tulishuka kilima kwa miguu, mimi na binti yangu, tukitoka nyumbani mapema kuliko kawaida.

Pedi mpya zilipofungwa, fundi alinionya kwamba haziko tayari kwa kilima. Kwanza nikimbize baiskeli kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa, nifunge breki polepole hadi mwendo wa mtu anayetembea, niachie, nirudie mara ishirini hivi. Mara za mwanzo zilishika kwa shida, baadaye zikauma sawasawa. Tena nisiguse diski kwa vidole: vina mafuta, na baada ya mteremko mrefu chuma hicho huunguza.

Dumu la mawese sasa shemeji hulibeba mwenyewe. Nami nashuka kimya kabisa, wanafunzi hawanisikii tena. Jumatatu iliyopita niliwakuta wawili langoni wakinakiliana kazi ya nyumbani.