Mwana Ataka Sanduku la Mwanga: Tununue Lipi?

Wazazi wapenzi wa Chekereni, maji ya mfereji mwayajua vema. Mradi wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kumalizika mwaka 1987, huyaleta mashambani kwa mteremko wa nchi. Mteremko huo ulichorwa kwanza karatasini. Mstari ukinakiliwa vibaya, mfereji huchimbwa vibaya, na maji hayafiki.

Kwa hiyo mtoto asomaye ufundi akiomba sanduku la mwanga, tusimcheke. Ni bapa jeupe lenye taa chini yake. Mchoro huwekwa juu yake, na karatasi safi nyembamba juu ya mchoro. Mistari huonekana, naye huifuata kwa kalamu.

Lakini fedha ya mpunga haiokotwi njiani. Basi, tuangalie mambo manne.

Kwanza, ukubwa. Mwulizeni hutumia karatasi gani. A3 ni milimita 297 kwa 420. A2 ni 420 kwa 594. Sanduku la A4 ni rahisi kwa bei, lakini ni nusu ya A3. Atausogeza mchoro mara kwa mara, na mistari itapishana.

Pili, mwanga. Msitafute mkali, tafuteni ulio sawa pote. Liwasheni dukani, mweke mchoro na karatasi juu yake. Pembe zikiwa na giza, liacheni. Lenye kupunguzwa mwanga ni jema kwa macho.

Tatu, umeme. Mengi madogo yenye taa za LED hutumia volti 5, kama chaja ya simu, wala hayapati joto jingi.

Nne, ugumu. Bapa jembamba hupinda chini ya kiwiko, na mstari nao hupinda.

Na fedha isipotosha? Seremala aweza kuunda sanduku la mbao, akaweka juu kioo kinene chenye kingo zilizosagwa, karatasi nyeupe chini ya kioo, na taa ya LED ndani. Mchana, hata kioo cha dirisha chafaa kwa mchoro mdogo.

Tukumbuke pia kwamba sanduku hunakili tu. Mchoro wenyewe huzaliwa kwenye ubao, kwa rula ya T na penseli iliyochongwa vizuri. Mtoto asiye na hivyo, anunuliwe hivyo kwanza. Sanduku laweza kungoja mavuno mengine.