Jirani Mwenye Hatujui Jina Lake



Mwezi huu tufungue kitabu pamoja. Usiogope, si kitabu cha mtihani. Ni riwaya iliyotoka Nairobi mwaka 1966 kwa Kiingereza, na jina lake ni The Promised Land, ndiyo kusema Nchi ya Ahadi. Mwandishi wake ni Grace Ogot, mama wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Alisomea kazi ya uuguzi, na baadaye akawa mbunge na waziri msaidizi katika nchi yake. Riwaya hii ni mojawapo ya zile za kwanza kabisa kuandikwa na mwanamke wa Afrika Mashariki.

Kama hujakisoma, si kitu, nitakusimulia. Lakini unaposikiliza, jiulize: katika habari hii, mimi ni nani? Ni mgeni, ama ni mwenyeji?

WANAVUKA ZIWA

Ochola na Nyapol ni Waluo wa Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria. Ndio kwanza wameoana. Mume anasikia kwamba ng'ambo, Tanganyika, mashamba ni mapana na udongo una mafuta. Moyo wake unawaka. Mke hataki. Amezoea kwao, na huko hajui mtu. Lakini mume amekwisha kukata shauri, basi mke anafunga mizigo.

Kijana wa machimbo, unaijua safari hii, sivyo? Umesikia kwamba mahali fulani dhahabu imetoka, na kesho yake umepanda pikipiki. Nyuma umeacha mama anayelia na mke anayehesabu siku. Ochola hakutafuta dhahabu, alitafuta shamba. Lakini njaa ya kupata ni ileile.

Huko Tanganyika kazi inazaa matunda. Ochola analima, anavuna, anaongeza ng'ombe. Ungesema kweli amefika katika nchi ya ahadi. Lakini jirani yake, mzee mmoja mwenyeji wa pale, anamtazama. Kila mavuno ya Ochola yanamchoma rohoni. Hawa watu walitoka wapi? Nani aliwaita? Mbona wao wanatajirika juu ya nchi ya babu zetu?

Basi mzee, ambaye ni mtu wa dawa, anamtendea Ochola mabaya. Siku moja Ochola anashikwa na ugonjwa wa ajabu: mwili wake wote unaota vitu kama miiba. Hospitali inashindwa. Mwisho anapatikana mganga anayemponya, lakini ni lazima familia iondoke upesi. Wanaacha shamba, wanaacha chakula ghalani, wanaacha ng'ombe. Walikuja kutafuta mali, wanarudi na uhai wao tu.

MIIBA ILIOTA KABLA YA UGONJWA

Sasa tuangalie vizuri. Msomaji mwenye haraka atafunga kitabu na kusema: “Unaona? Majirani ni wachawi!” Hapana, ndugu yangu, hapo ndipo hatari ilipo. Katika jimbo letu na katika majimbo mengine ya Congo, wazee wengi, na zaidi wamama wajane, wamesingiziwa uchawi wakafukuzwa, wakapigwa, hata wakauawa. Mara nyingi walikuwa watu wa peke yao, bila mtoto wa kuwatetea. Kama riwaya hii inakupa hamu ya kumtafuta mchawi wa mtaa wako, umeisoma kinyume.

Isome hivi: miiba ilikuwa imeota mioyoni zamani, kabla haijaota kwenye ngozi. Mzee alimwona Ochola kama mwizi wa nchi. Na wageni nao? Walikuwa na Waluo wenzao, walikuwa na kazi yao, walikuwa na mavuno yao. Ua ulisimama kati ya nyumba mbili, na kila upande uliogopa upande wa pili. Mwenye kubeba uzito zaidi ni Nyapol, ambaye hakutaka kuja. Mume ana shamba la kumpa furaha, yeye ana nini? Upweke wa mke wa mhamiaji hauonekani, kwa sababu sufuria iko juu ya moto na watu wanasema nyumba inaendelea vizuri.

NENO LINATANGULIA FIMBO

Usidhani haya ni ya vitabu tu. Sisi watu wa machimbo tunayo yetu. Kule Katanga, tangu wakati wa Wabelgiji, kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Watoto wao walizaliwa Likasi, walizaliwa Kolwezi, walisoma pale, walioa pale. Kasai wengine hawakuijua hata kwa macho. Lakini mwaka 1992 na 1993 walifukuzwa kwa maelfu. Jamaa nzima zililala kwenye vituo vya reli zikingoja treni, na watoto wengi walikufa kwa magonjwa na njaa.

Je, ilianza na panga? Hapana. Ilianza na jina. Waliitwa “bilulu”, ndiyo kusema wadudu. Mtu akikwisha kuitwa mdudu, kumkanyaga hakuonekani tena kuwa dhambi. Kwa hiyo, mzazi, sikiliza maneno yenye kutoka mezani pako. Mtoto anameza yote pamoja na fufu.

TUSHUKE KYAVINYONGE

Sasa njoo tushuke Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edward. Ni kijiji cha wavuvi katika eneo la Beni, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Samaki wake wanapanda mpaka masoko ya Butembo na Beni. Ng'ambo ya ziwa ni Uganda.

Pale Kyavinyonge, watu wengi wana babu ama baba aliyeshuka kutoka milimani kutafuta samaki. Ndiyo kusema mwenyeji wa leo ni mtoto wa mgeni wa jana. Halafu, tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamefukuza familia nyingi mashambani mwao, zikatafuta kimbilio popote penye usalama kidogo. Mgeni akifika ziwani, hawezi kulima, maana hifadhi imezunguka kijiji. Pirogi hana, na idadi ya pirogi zenye ruhusa ina mpaka. Atasaidia kuvuta nyavu za mwingine, ama atapasua samaki kwa malipo. Mkewe atakaa pembeni ya soko. Watu wanauliza: “Ule mama ni wa wapi?” Wanaulizana wao kwa wao, yeye mwenyewe hawamwulizi.

Na siku samaki wakipungua, mtaani utasikia: “Ni hawa wa kuja ndio wanatumalizia ziwa.” Lakini tutumie akili. Samaki wanapungua kwa sababu ya nyavu zenye matundu madogo, kwa sababu ya kuvua mahali samaki wanapozalia, na kwa sababu ya pirogi nyingi zisizo na ruhusa. Tena kuna viboko. Katika miaka ya 1970 hifadhi ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kufika mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000, kwa kuwindwa na watu wenye silaha. Kinyesi cha kiboko kinarutubisha maji, na maji yenye rutuba yanalisha samaki. Basi yule mama aliyefika juzi na vitenge viwili na mtoto mgongoni, ndiye aliyemaliza viboko? Chuki ni mvivu: haitafuti sababu, inatafuta mtu wa karibu.

BOAZI HAKUNGOJA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, mgeni afanye kazi. Lakini wengi wetu tunampa jembe, ama kasia, ama chepeo ya machimbo, halafu hatumpi kiti. Mikono yake tunaijua, jina lake hatulijui.

Msome Ruthu, yule mjane wa Moabu. Watu wa Moabu hawakupendwa Israeli. Aliokota masuke nyuma ya wavunaji, pembeni, kama mama wetu wa pembeni ya soko. Boazi hakutosheka kumwachia masuke. Aliuliza habari zake, aliwakataza vijana wasimguse, na saa ya chakula alimwita akae akale pamoja nao. Ona hatua tatu: kuuliza, kulinda, kuketisha. Na kutoka kwa mama huyu mgeni alizaliwa babu wa mfalme Daudi. Bethlehemu wangemfukuza, wangefukuza baraka yao wenyewe.

Nawe mgeni, una sehemu yako. Usijifungie na watu wa kwenu tu. Usiwacheke wenyeji na desturi zao, wala usihesabu mavuno yako kwa sauti mbele ya jirani mwenye njaa. Jifunze salamu yao. Peleka sahani ya kwanza wewe.

Sheria ya Musa, katika Walawi sura ya 19, inatuamuru tumpende mgeni kama tunavyojipenda, na inatoa sababu: hata Israeli walikuwa wageni Misri. Mzee yule wa riwaya na Ochola walikuwa na miaka ya kuvuka ua ule. Ulikuwa mfupi mwanzoni. Hakuna aliyevuka, na mwisho mmoja alikimbia, mwingine akabaki na chuki yake karibu na shamba tupu.

Jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, mtazame mtu mwenye kukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mwulize jina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika mtaa wetu, ni jirani gani hatujui jina lake? Nani atakwenda kumsalimia wiki hii?

2. Tunawaita watu wa kabila lingine ama wakimbizi kwa majina gani tukiwa peke yetu? Tungeyasema mbele yao?

3. Vijana: mmoja wenu akienda machimbo ya mbali, angependa kupokelewa namna gani? Korali yetu inawapokea wageni hivyo?

4. Mama wa nyumba yetu alihama kumfuata baba. Tumewahi kumwuliza anakosa nini?

Mungu abariki nyumba yako, na kiti kimoja cha zaidi ndani yake.