Jinsi Zimwi la Lava Linavyofinyangwa kwa Kompyuta

Utangulizi

Katika kipindi cha mazungumzo, mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta alituletea kazi ya mikono yake: zimwi la lava alilolitengeneza kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Darasa zima lilisogea kutazama. Alipoombwa aeleze kwa Kiswahili alivyolitengeneza, alianza vizuri, lakini kufikia sentensi ya tatu viambishi tu ndivyo vilivyobaki vya Kiswahili. Mizizi yote ilikuwa ya Kiingereza. Mwishowe alisema, "Mwalimu, kazi hii haielezeki kwa Kiswahili," akaketi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba inaelezeka. Tutafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, na katika kila hatua tutatazama maneno ambayo lugha yetu inayo tayari.

Kuijua lava yenyewe

Kabla ya kushika kalamu ya kompyuta, msanii hutafuta picha za kitu halisi. Sisi wa Afrika Mashariki na Kati hatuna haja ya kwenda mbali. Lava ya Nyiragongo, karibu na Goma, ina silika kidogo, na kwa hiyo ni nyepesi na hutiririka kwa kasi. Tarehe 17 Januari 2002 ilishuka hadi mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena. Wanafunzi waliotoka huko hawahitaji kuambiwa kwa nini lava inaweza kuwa zimwi.

Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni tofauti kabisa. Lava yake ni ya kaboneti, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za selsiasi, ilhali lava ya basalti hufikia nyuzi 1,000 hadi 1,200. Mchana huonekana nyeusi kama mafuta machafu ya gari, na ikishapoa na kupata unyevu hugeuka kuwa nyeupe. Kwa hiyo zimwi la Nyiragongo na zimwi la Lengai hayawezi kuvaa ngozi moja. Msanii huanza kwa kuamua zimwi lake ni la mlima upi.

Kufinyanga au kuchonga?

Kazi huanza na tufe tupu katika programu kama ZBrush au Blender. Blender hupatikana bure, na msimbo wake umekuwa wazi tangu mwaka 2002. Msanii hulivuta tufe hilo likatoa mabega, akalibonyeza likapata macho, akaongeza udongo mahali pa kifua, akalainisha, akakwangua. Umbo kubwa hutangulia. Mikunjo na nyufa huja mwisho. Anayeanza na nyufa kabla ya mabega hujikuta na jiwe zuri lisilo na mwili.

Darasani tulibishana: je, huku ni kufinyanga au kuchonga? Mfinyanzi huongeza na kusukuma udongo. Mchongaji hupunguza mti, na akikosea hawezi kurudisha. Katika kompyuta msanii hufanya yote mawili na hurudi nyuma apendapo. Tulikubaliana kwamba hatua ya kutoa umbo iitwe kufinyanga, na hatua ya kukata nyufa na ncha kali iitwe kuchonga. Kiswahili hapa hakikuwa na upungufu. Kilitulazimisha kutofautisha mambo mawili ambayo mwanafunzi alikuwa akiyaita kwa jina moja.

Kuhusu nyufa, kuna kanuni moja ya maana. Zimwi linatembea, na ukoko mgumu haupindi. Basi ukoko utapasuka kwenye maungo: viwiko, magoti, shingo. Hapo ndipo moto wa ndani utakapoonekana. Mgongoni na mabegani, pasipopinda sana, magamba hubaki makubwa, mazito na meusi. (Neno "ukoko" tunalijua kutoka kwenye sufuria ya wali, wanajiografia nao hulitumia kwa tabaka la juu la dunia.)

Kusuka wavu mwepesi

Sanamu iliyofinyangwa hivi huweza kuwa na mamilioni ya pembetatu ndogo. Zipo programu mpya za michezo zinazoweza kubeba mzigo huo, lakini simu ya kawaida haiwezi. Kwa hiyo msanii husuka juu ya sanamu hiyo wavu mwingine wenye pembetatu chache, pengine elfu kadhaa au makumi ya maelfu. Kwenye maungo nyuzi za wavu hupangwa kwa duara, ili goti likikunjwa lisibonyee vibaya.

Kukunjua na kuhamisha

Picha ya rangi ni bapa, lakini zimwi si bapa. Lazima ngozi yake ikatwe na kutandazwa, kama fundi cherehani anavyotandaza vipande vya shati kabla ya kuvishona. Hatua hii tuliiita kukunjua ngozi, na mistari ya kukatia ni mishono. Mishono hufichwa kwapani na ndani ya mapaja.

Kisha maelezo madogo ya sanamu nzito huhamishiwa kwenye wavu mwepesi kwa njia ya picha iitwayo ramani ya mielekeo. Kila nukta ya picha hiyo, yenye rangi ya samawati na zambarau, huiambia kompyuta uso umeelekea wapi, na mwanga huangukia mahali laini kana kwamba pana ufa. Kiingereza hutumia kwa hatua hii neno la jikoni lenye maana ya kuoka. Mwanafunzi mmoja alilitafsiri hivyo hivyo, na wenzake wakauliza mkate uko wapi. "Kuhamisha" kunasema kinachotendeka.

Kupaka rangi na mng'ao

Ngozi ya zimwi hutengenezwa kwa picha kadhaa zinazolaliana: rangi ya msingi, ukwaru, na mng'ao. Picha ya mng'ao huonyesha mahali panapotoa mwanga penyewe. Kosa la wanafunzi wengi ni kung'arisha mwili mzima, na jicho likakosa pa kupumzika.

Mwalimu bora hapa ni jiko la mkaa. Litazame usiku: nje kuna majivu, na wekundu umo katikati ya makaa. Ndivyo ufa wa lava ulivyo. Katikati, penye joto kali, ni njano. Kando yake rangi ya chungwa. Kisha nyekundu iliyoiva. Kisha ukoko mweusi. Anayegeuza mpangilio huu, hata kama rangi zake ni nzuri, mtazamaji atahisi kuna kitu si sawa.

Tuongeze kwamba picha ya mng'ao mara nyingi haiangazi vitu vya jirani. Ili ardhi chini ya zimwi ipate wekundu, msanii huweka taa ndogo ndani ya mwili wake.

Jambo la sarufi

Je, tuseme "zimwi anatembea" au "zimwi linatembea"? Kanuni ya viumbe hai inataka "anatembea". Lakini methali inasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Katika makala haya tumefuata methali, kwa kuwa li- pia hukuza na kutisha. Walimu wanaweza kuufanya ubishi huu kuwa zoezi.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba mwalimu mwenye wanafunzi wa fani za ufundi awape zoezi hili: kila mmoja aeleze kazi moja ya mikono yake kwa dakika tano, na darasa limsaidie kutafuta maneno. Yapo yatakayokopwa, nayo yakopwe bila haya: programu, lava, basalti. Lakini mengi yatapatikana kwa mfinyanzi, kwa fundi cherehani na jikoni. Mwanafunzi wetu alirudia maelezo yake wiki mbili baadaye. Alikwama mara mbili tu, na mara zote mbili wenzake walimpa neno.