Uwanja nao hupumzika

NDUGU msikilizaji, wiki hii nazungumzia nyasi. Najua wapo watakaosema mtangazaji huyu kaishiwa na mada. Nyasi ni chakula cha ng'ombe, na huku Karagwe hutandazwa migombani ili ardhi isikauke. Lakini mimi nasemea nyasi za kuchezea, ambazo tunaziua wenyewe kila mwaka, tena katika majuma yale yale ambayo zilipaswa kufufuka.

Nilikuwa Nyakasimbi mwishoni mwa mwezi wa Septemba, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Pembeni mwa uwanja wa mpira nilimkuta mzee mmoja ameinama, anapandikiza vipande vya ukoka mbele ya goli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanieleza kwamba ujanani alivuka mpaka kwenda Uganda, akaajiriwa kukata nyasi katika uwanja wa gofu.

"Mwanangu," akasema, "Wazungu wanangoja jua, sisi tunangoja mvua. Kazi ni ile ile."

Ama kwa hakika mzee alisema kweli. Huko Scotland, ulikokulia mchezo wa gofu, nyasi hulala wakati wa baridi. Ifikapo Machi na Aprili udongo hupata joto, na watunza viwanja huanza kazi kubwa ya mwaka. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira hayo. Ukoka wetu hulala kwa kiu wakati wa kiangazi, ukakauka juu huku mizizi na mashina yake yakiwa hai chini. Mvua ikinyesha, huamka.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Kwanza, mwishoni mwa kiangazi watu huchoma moto uwanja ili uwe safi. Udongo hubaki uchi, na mvua ya kwanza, ambayo aghalabu huwa na nguvu, huuchukua wote bondeni. Pili, mvua ikishakatika tu, vijana huingia kucheza. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, na hewa iliyomo hutoka. Mizizi nayo huhitaji hewa kama sisi. Ikikosa hewa hufa, maji hayapenyi tena, na mahali penye nyasi huwa dimbwi wakati wa mvua na sakafu ngumu wakati wa jua.

Tiba yake watu wa gofu wanaijua siku nyingi. Hutoboa ardhi matundu mengi madogo, kisha hutandaza mchanga juu na kuusugua uingie matunduni, ili maji na hewa vipate njia. Old Tom Morris, mtunza uwanja mashuhuri wa St Andrews aliyeishi kati ya mwaka 1821 na 1908, anakumbukwa hasa kwa kutumia mchanga namna hiyo. Mzee wetu wa Nyakasimbi hana mashine. Anatumia jembe uma: analikandamiza kwa mguu, analitikisa kidogo, analichomoa, anasogea hatua moja.

Kuhusu kukata nyasi, kanuni ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja. Jani ndilo jiko la mmea, nawe ukilikata lote mmea hula akiba ya mizizi. Pale kwenye shimo la gofu nyasi hukatwa zikabaki milimita tatu au nne tu, lakini hiyo ni kazi ya mashine maalumu na ya kila siku. Uwanja wa mpira unatosha kubaki na sentimita mbili na nusu hadi tatu. Na asiye na mashine asikate tamaa. Kabla Edwin Budding wa Uingereza hajabuni mashine ya kukata nyasi mwaka 1830, viwanja vya gofu vilikatwa na kondoo. Mbuzi wa Nyakasimbi wanaifanya kazi hiyo bila malipo, mradi wasiachwe uwanjani mvua inaponyesha, maana kwato zao hushindilia kuliko viatu.

Siku ile niliyokuwapo palizuka ubishi. Mzee alitaka uwanja ufungwe majuma sita ili ukoka ushike. Vijana wakakataa, kwani walikuwa na mechi za kombe. "Babu, tukifunga uwanja tutacheza wapi, migombani?" aliuliza mmoja wao. Aliyemjibu hakuwa mzee, bali kijana mwenzao aliyekaa pembeni na mguu umefungwa bendeji. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu mbele ya goli lile lile, katika shimo lililochimbwa na maji ya mvua.

Wote wakanyamaza. Kisha mzee akatoa siri nyingine ya gofu. Kule, alisema, shimo la kutumbukizia mpira huhamishwa mara kwa mara, ili miguu ya watu isikanyage mahali pamoja tu. Basi na magoli ya miti yahamishwe hatua kumi na tano upande wa pili, mechi ziendelee, na pale palipochakaa pazungushiwe miiba hadi ukoka utambae. Jioni ile ile vijana waling'oa magoli.

Ndugu msikilizaji, gofu ni mchezo wa wenye nafasi, lakini elimu yake haina kiingilio. Wewe uliyeko mjini, tazama uwanja wa shule anayosoma mwanao. Kama ni vumbi na mawe matupu, uliza walimu na kamati ya shule swali moja: mvua zijazo zikianza, nani atashika jembe uma, na magoli yatahamia wapi?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.